Yidnekachew Tessema, Mhabeshi aliyekataa mpira wa ubaguzi

Msafiri akifika Rhamu, mji mdogo wa Mandera katika pembe ya kaskazini mashariki ya Kenya, ataukuta mto Daua. Akitupa macho ng'ambo ya pili, anayoiona ni ardhi ya Uhabeshi. Maji ni hayo hayo na jua ni hilo hilo, ila mpaka umepita kati.

Kwetu sisi wa pwani Uhabeshi si nchi ngeni. Tangu tungali chuoni tumesimuliwa habari za Najashi, aliyewapa hifadhi Masahaba walipokimbia mateso ya Makka. Wajumbe wa Makureshi walimwendea na zawadi ili awatoe, naye akazirudisha zawadi zao. Leo tutamtaja Mhabeshi mwingine, wa zama zetu na wa fani nyingine kabisa. Huyu hakuwa mfalme. Alikuwa mcheza mpira, lakini naye alipoletewa mapatano ya kuiuza haki aliyakataa.

Jina lake ni Yidnekachew Tessema. Alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Jimma. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa malenga aliyesifika kwa ufundi wa maneno na uimbaji. Mwaka 1908 alipelekwa Ujerumani kujifunza mambo ya magari, na huko akaimba katika sahani za santuri, akawa katika Wahabeshi wa kwanza kabisa kurikodiwa sauti zao. Mtoto naye alijaliwa ulimi. Lakini aliyoyapenda zaidi yalikuwa ya miguuni.

Alisoma katika shule ya Tafari Makonnen mjini Addis Ababa. Siku hizo kandanda mjini humo ilikuwa zaidi mchezo wa wageni. Waarmenia walikuwa na timu yao, Wayunani yao na Wataliana yao. Mwaka 1935 vijana wa mtaa wa Arada wakaunda klabu ya wananchi, wakaiita Saint George. Yidnekachew, kijana wa miaka 14, akajiunga nayo, na hakuihama mpaka alipoacha kucheza mwaka 1958. Kumbukumbu za klabu zinamhesabia mabao 318 katika michezo 365. Wachezaji wa kufikia hesabu hiyo ni wachache popote duniani.

Furaha ya klabu mpya haikudumu. Mwezi wa Mei 1936 majeshi ya Mussolini yaliingia Addis Ababa. Watawala hao walitenga kila kitu kwa rangi, na mpira haukusalimika. Timu za wenyeji ziliwekwa mbali na za Wazungu, Mhabeshi asipate kupambana na Mtaliana uwanjani. Klabu ya Saint George nayo ililazimishwa kuliacha jina lake. Mtu aweza kujiuliza, mtawala mwenye bunduki na ndege alihofia nini kwa vijana kumi na mmoja wenye gozi? Alihofia kufungwa. Mtu akishamshinda bwana wake mbele ya macho ya watu, ubwana huo haurudi ukawa kama jana.

Yidnekachew alikua katika hali hiyo, na somo hilo hakulisahau. Mwaka 1941 Wataliana walitolewa, na miongoni mwa majeshi yaliyoingia Addis Ababa walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Klabu ikarudishiwa jina lake. Yidnekachew, ingawa alikuwa angali kijana, alishika kalamu pamoja na mpira. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kandanda cha Uhabeshi mwaka 1943, na sheria za mchezo akazitia katika lugha ya Kiamhara ili kila mtu azifahamu.

Mtihani mkubwa ulimfika mwezi wa Februari 1957, mjini Khartoum. Wajumbe wa nchi nne, yaani Misri, Sudan, Uhabeshi na Afrika Kusini, walikutana kuunda Shirikisho la Kandanda la Afrika na kucheza Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza. Afrika Kusini ilipangiwa kucheza na Uhabeshi. Lakini serikali ya makaburu haikuruhusu mweupe na mweusi wavae jezi moja. Wakasema wataleta timu ya weupe watupu, au kama haipendezi, ya weusi watupu. Timu ya mchanganyiko hawaleti.

Msomaji apime mwenyewe. Shirikisho lilikuwa changa mno, na wanachama wake ni wanne tu. Ukimtoa mmoja, wanabaki watatu. Mtu wa tamaa angesema na waje weusi watupu, kwani si Waafrika wenzetu? Lakini wahenga wametuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuipokea timu ya weusi watupu kungekuwa ni kuikubali ile kanuni ya kutenga watu, na Yidnekachew aliijua kanuni hiyo tangu utoto wake Addis Ababa. Yeye na wenzake wa Misri na Sudan walishikilia jambo moja tu: timu ya watu wote au hakuna timu. Afrika Kusini ikatolewa. Uhabeshi ikaingia fainali bila kutoka jasho, na huko Misri ikaifunga mabao manne kwa bila. Hata hivyo, jambo kubwa la mwaka ule halikuwa kombe.

Miaka mitano baadaye Mungu aliwapa Wahabeshi siku yao. Tarehe 21 Januari 1962, mjini Addis Ababa, timu yao chini ya ukufunzi wa Yidnekachew iliishinda Misri mabao manne kwa mawili baada ya muda wa nyongeza, ikatwaa Kombe la Afrika. Jirani zetu wa Uganda nao walikuwamo katika mashindano hayo.

Kisha vita vyake vikahamia Ulaya, kwenye meza za FIFA. Kwa Kombe la Dunia la mwaka 1966 FIFA haikuitengea Afrika nafasi yake peke yake. Mshindi wa Afrika angelazimika tena kupambana na wa Asia. Nchi za Afrika zikajitoa zote, na Yidnekachew alikuwa katika waliosimamia uamuzi huo. Haukuwa uamuzi mwepesi, maana wako wachezaji hodari ambao umri wao ulipita bila ya kuiona fainali. Lakini mwaka 1970 Afrika ilipata nafasi yake, na Morocco ikaenda Mexico. Mwaka 1982 nafasi zikawa mbili, na kwa fainali za 2026 zikafika tisa za moja kwa moja.

Mwaka 1972, mwaka ambao Kenya ilicheza fainali za Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, Yidnekachew alichaguliwa rais wa Shirikisho la Afrika. Alikaa katika kiti hicho miaka 15. Aliwabana makaburu mpaka FIFA ikawafukuza kabisa mwaka 1976, baada ya damu ya watoto kumwagika Soweto. Alikataa pia matangazo ya pombe na sigara katika mpira wa Afrika, ingawa fedha zake zilikuwa nyingi na vyama vilikuwa maskini. Aliwazuia pia vijana wasikimbilie Ulaya, na katika hili wako waliomlaumu. Mchezaji ana watoto wa kulisha, nao mguu hauna umri mrefu. Lakini yeye aliogopa kwamba viwanja vyetu vitabaki na majani matupu.

Alifariki dunia tarehe 19 Agosti 1987 kwa maradhi ya saratani.

Hakujaliwa kuyaona matunda ya Khartoum. Tarehe 3 Februari 1996, katika uwanja wa Johannesburg, Afrika Kusini iliifunga Tunisia mabao mawili kwa bila ikatwaa Kombe la Afrika. Nahodha aliyelinyanyua kombe, Neil Tovey, alikuwa mweupe. Wenziwe wengi walikuwa weusi, na Nelson Mandela alikuwapo. Ilikuwa ni timu ile ile iliyodaiwa mwaka 1957, ikachelewa kufika miaka 39.

Leo vijana walioko kando ya mto Daua, wa Rhamu na wa ng'ambo, wengi wao huenda hawalijui jina la Yidnekachew. Na walijue. Mpira wanaoupiga wanaucheza bila ya kuulizwa rangi zao, na yuko mtu aliyekubali kukosa mengi ili jambo hilo liwe la kawaida.