Bwana Escoffier na Mayai ya Moto Mdogo

Kwetu sisi mayai ni kiwanda. Huvunjwa, yakapigwa pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili mbichi, yakamwagwa katika mafuta yaliyokwisha pata moto, yakageuzwa mara moja, basi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, wala sikuona haja ya kujua namna nyingine mpaka Ramadhani moja ambapo mama yangu, Mungu amrehemu, aling'olewa meno akawa hawezi kutafuna kitu wakati wa daku. Kiwanda nilichompikia alikisukuma kando kwa adabu. Ndipo nilipoyakumbuka mayai ya kuvuruga, yale yanayotoka laini mfano wa uji mzito, na katika kuitafuta njia ya kuyapika nikakutana na maisha ya Mfaransa mmoja aitwaye Auguste Escoffier. Maisha hayo ndiyo nitakayo kuwasimulia leo.

Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1846 katika kijiji cha Villeneuve-Loubet, karibu na mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mhunzi. Mtoto mwenyewe alipenda kuchonga, lakini alipotimia miaka 13 alitolewa shuleni akapelekwa Nice kwa ami yake aliyekuwa na mkahawa. Asidhani mtu kwamba udugu ulimfaa kitu. Alipigwa na kutwezwa kama mtumwa, na kwa kuwa alikuwa mfupi mno hata hakuweza kuifungua milango ya majiko bila ya kuhatarisha uso wake, ilimbidi avae viatu vyenye visigino virefu.

Majiko ya Ulaya ya zama zile yalikuwa mashimo ya makaa, moshi na matusi. Wapishi walikunywa pombe tangu asubuhi ili wastahimili joto, na jioni wakapigana. Kijana Escoffier aliyatazama hayo yote akayaweka moyoni.

Mwaka 1870 Ufaransa na Prussia zilipopigana, aliitwa jeshini kuwa mpishi wa maofisa katika mji wa Metz. Mji ulizingirwa, chakula kikaisha, wakala farasi wao, na mwisho wakatekwa. Nadhani aliyewahi kuipika nyama ya farasi ikalika hawezi tena kukidharau chakula chochote, hata yai moja.

Baada ya vita mambo yake yalikwenda mbio. Mwaka 1884 yuko Monte Carlo, ambako alishirikiana na mwenye kuongoza hoteli aitwaye César Ritz, na mwaka 1890 wote wawili wako London katika hoteli ya Savoy. Hapo ndipo alipoyageuza majiko. Zamani mpishi mmoja alikipika chakula kizima mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na sahani moja ya mayai yaliyotiwa figo la kondoo na mchuzi wa uyoga wa thamani, ambayo mtu mmoja aliipika kwa kama robo saa. Escoffier aliigawa kazi: huyu ashike mayai tu, yule achome figo, wa tatu apike mchuzi, na sahani ikawa tayari kwa dakika chache, ingali moto.

Lakini mimi napenda zaidi jambo jingine alilofanya. Alipiga marufuku pombe jikoni, na mahali pake akaweka kinywaji cha shayiri alichotengenezewa na tabibu, kila mpishi anywe atakacho. Alikataza makelele na kupigana. Yeye mwenyewe alipohisi hasira zinampanda, alitoka nje mpaka zikashuka, ndipo akarudi. Mtu aliyekulia katika makofi kufanya hivyo si jambo dogo.

Ukiisoma njia yake ya mayai ya kuvuruga katika kitabu chake kikubwa cha mapishi, kilichotoka mwaka 1903, utamwona ni yule yule. Hayataki makelele. Chukua sufuria yenye kitako kizito, uyeyushe siagi kidogo, utie mayai 6 yaliyopigwa kiasi tu, chumvi na pilipili manga. Moto uwe wa wastani, nami kwenye jiko langu la makaa naupunguza hadi karibu ya majivu. Koroga kwa mwiko wa mti bila kuacha, ukikwangua kitako na pembe zote, kwani yai likipata moto kwa ghafla hukaza na kufanya mabonge, na likisha kukaza halina dawa. Yakianza kuwa mazito na ilhali bado yanang'aa, epua. Usingoje yaive kabisa, maana sufuria yenyewe ingali ikipika. Hapo utie vipande vya siagi baridi na vijiko vitatu vya malai, ambavyo huyapooza mayai yasizidi kuiva.

Yasemekana alipompikia Sarah Bernhardt, mwigizaji mashuhuri wa Ufaransa, aliyakoroga kwa kisu kilichochomekwa punje ya thomu nchani, na bibi huyo hakupata kuijua siri.

Haitakuwa haki nikimsifu na kuficha doa. Mwaka 1898 Escoffier na Ritz walifukuzwa Savoy, na mwaka 1900 alitia sahihi hati ya kukiri kwamba alikuwa akipokea bakhshishi kutoka kwa wauzaji wa vyakula. Alilipa pauni 500. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwapelekea masista wanaotunza wazee maskini chakula kilichosalia hotelini, na mwaka 1910 akaandika kitabu kidogo juu ya kuondoa umaskini. Mimi sijui kumgawa mtu mafungu mawili, nayaandika yote.

Kuanzia 1899 alikuwa katika hoteli ya Carlton, hapo hapo London, akastaafu 1920. Alikufa Monte Carlo tarehe 12 Februari 1935, umri wake miaka 88, siku chache tu baada ya kufa mkewe Delphine. Nyumba aliyozaliwa ilifanywa makumbusho mwaka 1966.

Siku ile ya daku niliyaunguza mayai ya kwanza, nikaanza upya. Ya pili yalichukua karibu dakika kumi, na mke wangu akaja mlangoni mara mbili kunikumbusha kwamba alfajiri haimngoji mtu. Mama aliyala kijiko baada ya kijiko hadi sahani ikawa nyeupe. Kisha akaniuliza kwa nini sikutia pilipili mbichi.