Aniceti Kitereza (1896–1981): Mjenzi wa Mandhari na Mila katika Riwaya

Ukiulizwa jinsi mwandishi alivyojenga mandhari na mila katika riwaya, usiishie kutaja majina ya mahali. Eleza pia mila hizo zinafanya kazi gani katika hadithi. Maisha na kazi ya Aniceti Kitereza yatakusaidia kulielewa jambo hili.

1. Maisha yake

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika Ziwa Viktoria. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, naye akalelewa katika makao ya mtawala Mukaka. Huko alikua akiyaona mambo ya jadi na kuwasikia wazee wakiyasimulia. Baadaye alisoma katika shule ya wamisionari wa Kikatoliki huko Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, alikojifunza Kilatini na lugha nyingine.

Hakuwa padri. Alimwoa Anna Katura, lakini watoto wao walifariki wakiwa wadogo, na wazee hao wakabaki wawili tu. Katika jamii iliyohesabu watoto kuwa ndio nguzo ya ndoa, huo ulikuwa msiba mzito. Kumbuka jambo hili unapoisoma riwaya yake.

2. Riwaya yake

Kitereza aliona vijana wa Ukerewe wakizidi kuzisahau mila za wazee wao. Akaandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu maisha ya kisiwani kabla ya kuja kwa Wazungu, akaimaliza mwaka 1945. Wahusika wakuu ni Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, na wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, kisha wote wawili wanatafuta mganga. Mwishowe wanampata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali.

3. Jinsi alivyojenga mandhari na mila

(a) Mila hutokana na haja ya mhusika. Pombe ya ndizi ingeweza kuelezwa kama somo la mapishi. Kitereza ameiweka mahali ambapo bila pombe hiyo Myombekere hampati mkewe. Kwa hiyo unafuatilia utengenezaji wake kwa hamu, kwa kuwa ndoa ya watu wawili inategemea mitungi hiyo kujaa.

(b) Mila huonekana katika mahusiano. Namna mkwe anavyosalimia, anavyokaribishwa na anavyosubiri kuongeleshwa inakuonyesha nani ana mamlaka na nani anaomba.

(c) Kazi za kila siku hazirukwi. Kilimo, uvuvi, ufugaji, tiba, uzazi na maombolezo vyote vimeelezwa hatua kwa hatua. Mambo haya madogo ndiyo yanayomfanya msomaji aamini kwamba kijiji hiki kiliwahi kuwapo.

(d) Mila haisifiwi tu. Desturi ile ile inayowaunganisha ndugu ndiyo inayomwumiza mwanamke asiye na mtoto. Hapo ndipo mgogoro wa riwaya unapozaliwa.

4. Safari ya mswada

Lugha yenye wasemaji wachache haikupata mchapishaji. Mswada ulikaa miaka mingi, hata Kitereza alipoamua kuutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee. Tanzania Publishing House iliuchapisha mwaka 1980, miaka 35 baada ya kumalizika. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, iliyotokana na mswada wa Kikerewe.

5. Zingatia

Katika jibu lako, kila mila unayoitaja ifuatishe mambo matatu: ni mhusika gani anaihitaji, anapata au anapoteza nini kwayo, na inasukumaje hadithi mbele. Jibu linaloorodhesha mila bila maelezo haya halionyeshi kwamba umeielewa riwaya. Epuka pia kudai kwamba Myombekere ndiye Kitereza mwenyewe. Mwandishi aliujua uchungu wa kukosa watoto, lakini wahusika wake aliwapa jambo ambalo yeye hakulipata: watoto waliokua.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi faini ya pombe inavyojenga mandhari na pia kuendeleza msuko wa riwaya ya Kitereza.
2. Mila huunganisha na huumiza. Jadili kauli hii kwa kurejelea hali ya Bibi Bugonoka.
3. Chagua riwaya moja uliyoisoma darasani. Taja mila mbili zilizomo na ueleze umuhimu wa kila moja kwa mhusika mkuu.