LOVECRAFT: FUNDI WA HADITHI ZA KUTISHA ALIYETUOGOPA HATA SISI

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuongee habari za jamaa mmoja aliyefariki zamani sana, mwaka 1937, lakini kama wewe ni mpenzi wa muvi za kutisha au magemu basi umeshakutana naye hata kama jina lake hulijui. Ukiona dubwana lenye kichwa cha pweza na mabawa mgongoni, limelala chini ya bahari likisubiri siku ya kuamka, ujue hiyo ni kazi yake. Ukiona muvi ina kitabu cha kichawi kinachoitwa Necronomicon, ni yeye tena, alikitunga kichwani mwake na mpaka leo kuna watu wanaamini kipo kweli! Hata Metallica mwaka 1984 walitoa ngoma isiyo na maneno yenye jina la dubwana lake. Jamaa anaitwa Howard Phillips Lovecraft, Mmarekani.

Mimi ni shabiki wake, sifichi. Lakini mashabiki wake wakikutana, mjadala huwa unaishia pale pale: huyu bwana alikuwa mbaguzi wa rangi, tena si kidogo. Wengine wanasema tuachane naye kabisa. Wengine wanasema alikuwa mtu wa zama zake, tumsamehe. Nimeona bora nisimulie maisha yake kwanza, halafu kila mtu aamue akiwa anajua anachobishania.

UTOTO WAKE

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1890 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island. Upande wa mama yake, ukoo wa Phillips, walikuwa na hela zao. Baba yake, Winfield, alikuwa akisafiri mji hadi mji kuuza vyombo vya madini ya fedha. Mwaka 1893, Howard akiwa hajatimiza hata miaka 3, baba alichanganyikiwa akiwa safarini Chicago. Akalazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Butler, Providence, na hakutoka tena. Alifia humo mwaka 1898. Watafiti wengi wanaamini ilikuwa kaswende iliyofika kwenye ubongo.

Mtoto akalelewa na mama, mama mkubwa Lillian, mama mdogo Annie, na babu yake Whipple Phillips. Huyu babu ndiye aliyemharibu, kwa maana nzuri! Alikuwa na maktaba kubwa nyumbani na alipenda kumtungia mjukuu hadithi za kutisha usiku. Mwaka 1904 babu akafariki, biashara zikaporomoka, familia ikahama kutoka jumba kubwa kwenda kwenye nyumba ndogo mtaa ule ule. Howard alikuwa na miaka 13 na alifikiria hata kujiua.

Shule nayo ilimshinda. Alikuwa na akili nyingi, alipenda elimu ya nyota, alikuwa na darubini yake na tangu mwaka 1906 aliandika makala za nyota kwenye magazeti ya huko kwao. Lakini hesabu zilimsumbua na mishipa ya fahamu ilimsumbua zaidi. Mwaka 1908 akaanguka kiafya, akaacha sekondari bila cheti. Chuo kikuu cha Brown, kilichokuwa karibu kabisa na kwao, hakukanyaga kama mwanafunzi. Kwa hiyo wewe uliyeishia sekondari kama mimi na unaambiwa huwezi kuandika, hapo pana somo.

Baada ya hapo alijifungia ndani miaka kama 5 hivi, analala mchana, usiku anasoma. Aliyemtoa humo ni nani? Waandishi wenzake wa kujitolea. Mwaka 1914 alijiunga na chama cha watu waliokuwa wanachapisha vijigazeti vyao wenyewe na kutumiana kwa posta, wanasifiana, wanabishana, wanatukanana. Kwa kifupi ni kama blogu za enzi zile, ila maoni yalichukua wiki kadhaa kufika. Humo ndimo alipopata marafiki na kuanza tena kutunga hadithi.

Mwaka 1919 mama yake naye akalazwa Butler, hospitali ile ile aliyofia baba. Akafariki humo mwaka 1921 baada ya upasuaji. Fikiria wewe, baba na mama wote hospitali moja ya wagonjwa wa akili. Ndiyo maana kwenye hadithi zake mtu anachunguza historia ya ukoo wake, anafika mwisho anakuta kitu cha kutisha ndani ya damu yake mwenyewe. Hofu ile hakuitafuta mbali.

NEW YORK

Tarehe 3 Machi 1924 aliwashangaza wote, akaoa. Mke alikuwa Sonia Greene, mwanamke mchapakazi wa biashara ya kofia, amemzidi miaka 7. Sasa shika hapa: Sonia alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ukraine. Na Lovecraft alikuwa anawasema vibaya Wayahudi na wahamiaji kila siku. Alimpenda mke wake na akaendelea kuwachukia watu wa mke wake. Sonia alikuja kusimulia baadaye kwamba wakiwa New York na wakakutana na umati wa watu mchanganyiko, mume wake alikuwa anapandwa na hasira mpaka anakaribia kupoteza akili.

Maisha ya Brooklyn yalikuwa magumu. Duka la kofia lilikufa, Sonia akaugua, mwisho akaenda kufanya kazi Cincinnati. Lovecraft alizunguka kutafuta ajira, hakuna aliyemtaka. Kabla ya hapo aliwahi kupewa nafasi ya kuwa mhariri wa jarida la Weird Tales, akaikataa kwa sababu hakutaka kuhamia Chicago. Akabaki peke yake kwenye chumba cha kupanga, mtaa wa Clinton, karibu na Red Hook, anakula mkate na maharage ya kopo. Mei 1925 wezi wakaingia wakaondoka na suti zake karibu zote.

Hasira zote hizo aliwatupia wahamiaji. Mwezi Agosti mwaka huo akaandika hadithi kuhusu Red Hook ambayo wageni wote wa mtaa ule ni wachawi na waabudu mashetani. Kiukweli ni moja ya hadithi zake mbovu. Chuki imejaa mpaka stori haipumui.

Aprili 1926 alirudi Providence kwa furaha. Sonia alitaka kufungua biashara pale wakae wote, mama zake Howard wakakataa, waliona ni aibu mke wa mtoto wao kufanya biashara mji ule. Ndoa ikafa taratibu, na mwaka 1929 wakapeleka suala la talaka.

KAZI ZAKE

Kurudi nyumbani kulimfungua. Mwaka huo huo wa 1926 akaandika hadithi ya Cthulhu, lile dubwana la pweza. Weird Tales waliikataa kwanza, halafu wakaitoa Februari 1928. Mwaka 1927 Amazing Stories wakatoa ile ya kitu kilichoanguka kutoka angani na kuoza shamba zima pamoja na wenye shamba. Alilipwa dola 25 tu, tena kwa kusumbuana.

Uzuri wake ni huu. Kabla yake hadithi nyingi za kutisha zilikuwa za mizimu, majumba ya kale na wanyonya damu. Yeye alichukua ile elimu yake ya nyota akauliza, je, kama ulimwengu ni mkubwa kiasi hiki na haujui hata kama binadamu tupo? Madubwana yake hayatuchukii, hayana habari na sisi kama wewe usivyo na habari na sisimizi unaowakanyaga njiani. Hilo linatisha kuliko mzimu wowote. Na cha kuchekesha, huyu mtu aliyejaza bahari madubwana alikuwa hawezi kabisa kula samaki wala chochote cha baharini. Watu wa pwani mpo?

KONGO

Sasa tufike penye mwiba. Mwaka 1921 ilitoka hadithi yake kuhusu bwana mmoja wa Kiingereza, Arthur Jermyn. Baba wa babu wa babu yake alikuwa mpelelezi wa nchi ya Kongo, akarudi Uingereza na mke ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Arthur anachunguza, anaenda mpaka Kongo, na mwisho anagundua kwamba yule bibi alikuwa nyani mweupe. Anajimwagia mafuta, anajichoma moto.

Mara ya kwanza niliisoma kwa kasi, nikaipenda, mpaka nilipoimaliza ndipo nikashtuka. Nikajiuliza, hapa ninaogopeshwa na nini? Kinachotakiwa kunitisha ni mtu kugundua kwamba ana damu ya Afrika. Huyu mwandishi anaiweka nchi ya Kongo mahali pa binadamu na wanyama kuchanganyika, na mimi msomaji nimekaa upande wa dubwana.

Na uongo wake unauma zaidi ukijua historia. Kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa mali binafsi ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira, mamilioni walikufa. Habari hizo zilishajulikana Ulaya na Marekani kabla hajaandika. Kitisho cha kweli kilifika Kongo kwa meli kutoka Ulaya, yeye akakigeuza akakipeleka kinyume.

Hiyo haikuwa hadithi moja kwa bahati mbaya. Mwaka 1912 aliandika shairi la kuwatukana watu weusi kwamba si binadamu kamili. Kwenye hadithi ya Cthulhu waabudu wa dubwana ni watu wa damu mchanganyiko. Ile ya mji wa Innsmouth, aliyoiandika 1931, inahusu watu waliozaa na viumbe vya baharini.

Hoja ya kwamba alikuwa mtu wa zama zake mimi naikataa, na shahidi ni rafiki yake mwenyewe. Mwaka 1915 Lovecraft aliandika kwenye kijigazeti chake akiwasifia Ku Klux Klan. James F. Morton, mwandishi mzungu ambaye tayari alishaandika kupinga ubaguzi, akamjibu kwa maandishi bila kumwonea haya. Baadaye wakawa marafiki wakubwa! Kwa hiyo zama zile zile, nchi ile ile, watu walikuwepo waliomwambia amekosea. Na wakati anateseka Brooklyn, kule Harlem mji huo huo waandishi weusi walikuwa wanaandika vitabu vinavyosomwa mpaka leo. Alikuwa na nafasi ya kujua.

Je, alibadilika? Kwa siasa ndiyo. Miaka ya 1930 aliona umaskini wa Marekani, akaacha uhafidhina wake, akamuunga mkono rais Roosevelt na kusogea kwenye ujamaa. Lakini kuhusu watu weusi alibaki pale pale.

MWISHO WAKE

Alikufa maskini. Maisha yake yote alitegemea kurekebisha hadithi za wengine, na kitabu kimoja tu ndicho kilichotoka akiwa hai, ile Innsmouth mwaka 1936, nakala chache sana na makosa kibao ya uchapaji. Saratani ya utumbo ilimmaliza tarehe 15 Machi 1937, akiwa na miaka 46. Alizikwa kwenye eneo la familia, na kaburi lake halikuwa na jiwe lake mwenyewe mpaka mashabiki walipomwekea mwaka 1977.

Kilichomwokoa ni marafiki. Aliandika barua makumi ya maelfu, akawasaidia vijana wengi bure, na aliwaruhusu watumie madubwana yake kwenye hadithi zao. Mwaka 1939 wawili kati yao, August Derleth na Donald Wandrei, walianzisha kampuni ya Arkham House ili kuchapa kazi zake. Bila wao tusingemjua.

Tuje kwenye miaka yetu. Tuzo kubwa ya World Fantasy, tangu 1975, ilikuwa sanamu ya kichwa chake. Mwaka 2011 akashinda dada Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Baada ya kushinda ndipo akaonyeshwa lile shairi la 1912. Fikiria, umepewa heshima ya juu kabisa ya fani yako na heshima yenyewe ni uso wa mtu aliyeandika kwamba wewe si binadamu kamili. Dada hakunyamaza, aliandika hadharani. Mwaka 2014 waandishi wakaandika ombi, na 2015 ikatangazwa kwamba sanamu ile inaachwa. Kuna mashabiki waliolia kwamba historia inafutwa. Mbona vitabu vyake vyote bado vipo? Kilichoondoka ni kichwa chake mezani kwa watu aliowatukana.

Wengine wakafanya lililonifurahisha zaidi. Mwaka 2016 Victor LaValle, mwandishi mweusi wa New York, aliichukua ile ile hadithi mbovu ya Red Hook akaisimulia upya kupitia macho ya kijana mweusi wa Harlem, na imekuwa tamu kuliko ya mwenyewe! Mwaka 2020 HBO walionyesha tamthilia ya Lovecraft Country, familia ya watu weusi miaka ya 1950 inakutana na madubwana, na polisi wabaguzi wanatisha kuliko madubwana yenyewe.

Msimamo wangu basi. Nitaendelea kumsoma, kwa sababu ile hofu ya kuwa kitu kidogo kwenye ulimwengu usiokujali ni hofu ya kweli na hakuna aliyeiandika kama yeye. Lakini nikifika kwenye Kongo yake simamezi. Yeye mwenyewe aliacha mlango wazi, madubwana atumie yeyote anayetaka. Nadhani hakuwahi kuota kwamba kuna siku watakaoingia mlangoni ni sisi. Basi tuingie. Kijana wa Kindu au Kisangani akiamua kuiandika upya ile safari ya Arthur Jermyn, safari hii ikisimuliwa na watu wa Kongo waliomwona mzungu anakuja, mimi nitakuwa wa kwanza kuisoma.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Tubishane kwa hoja, matusi hapana.

Nawasilisha.