Fridtjof Nansen, Bingwa wa Bahari

Likizo iliyopita niliwaambia vijana wenzangu hapa Sepuka kwamba nataka kusoma elimu ya bahari mpaka nipate udaktari. Wakacheka sana, maana mimi bahari sijaiona. Basi nikatafuta habari za Fridtjof Nansen.

Nansen alizaliwa Norway mwaka 1861. Alipata udaktari mwaka 1888 kwa kuchunguza mishipa ya fahamu ya wanyama wa baharini. Kisha aliagiza iundwe merikebu Fram, yenye ubavu wa mviringo, ili barafu ikiibana iiinue badala ya kuivunja. Toka 1893 hata 1896 Fram ilichukuliwa na barafu ya Aktiki, wala haikuvunjika.

Huko Nansen aliona ajabu: barafu haikufuata upepo sawasawa, bali ilipinda kuume. Alikisia kuwa sababu ni kuzunguka kwa dunia, lakini hesabu zake zilikuwa ngumu. Hakuona haya kuwaachia wenye ujuzi. Kijana wa Uswidi, Vagn Walfrid Ekman, alizifanya, naye akapata udaktari wake mwaka 1902. Hesabu hizo zaonyesha kuwa kusini ya Ikweta maji hupinda kushoto.

Nansen alikufa mwaka 1930. Siku hizi masomo hayo yapo hata Zanzibar, katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kumbe mlango wa bahari ni hesabu, na hesabu zafundishwa hata Sepuka. Wakinicheka tena, nitafungua daftari langu.