Lucas: Mwalimu aliyethibitisha namba tasa kubwa kwa kalamu

NENO tasa humkumbusha Mswahili kiumbe asiyezaa. Katika hisabati, ni namba iliyozidi 1 na isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, mfano 7 au 13. Mwanafunzi wa Osiri, Migori, huitambua 13 mara moja. Lakini namba ya tarakimu 39 je?

Aliyelijibu swali hilo ni mwalimu Mfaransa, Édouard Lucas, aliyezaliwa mjini Amiens Aprili 4, 1842.

Baada ya masomo jijini Paris, Lucas alifanya kazi katika kituo cha kuchunguzia nyota jijini humo. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, alitumikia jeshi kama afisa wa mizinga. Amani iliporejea, alishika chaki na kufundisha katika shule za sekondari, kwanza Moulins, kisha Paris.

Kitendawili alichokabiliana nacho kilikuwa cha kale. Mwaka 1644, mtawa Marin Mersenne aliorodhesha namba alizodai ni tasa, zote zikipatikana kwa kuzidisha 2 kadhaa pamoja na kuondoa 1. Hakutoa ithibati.

Kujaribu vigawo kimoja kimoja kungemaliza umri wa mtu. Lucas alibuni njia ya mkato: anza na 3, izidishe yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayochunguzwa, kisha rudia kwa baki. Kwa 7, jambo ni jepesi: 3 mara 3 ni 9, ukitoa 2 hubaki 7, nayo hugawika bila baki. Basi 7 ni tasa.

Mwaka 1876, kwa njia ya aina hiyo, alitangaza kwamba 2 zipatazo 127 zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa 1, jawabu ni tasa: 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Hadi 1951 hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyokuwa imethibitishwa.

Mwaka huohuo wa 1876 alionyesha kuwa Mersenne alikosea kuhusu 2 zipatazo 67, ingawa vigawo vyenyewe havikujulikana hadi 1903.

Lucas alipenda michezo pia. Mwaka 1883 alitoa Mnara wa Hanoi, fumbo la kuhamisha visahani kutoka kijiti hadi kijiti. Visahani 3 huhitaji hatua 7. Hesabu ni ileile ya kuzidisha 2 na kutoa 1.

Kifo chake kilitokana na ajali ndogo. Katika karamu ya mkutano wa wanasayansi mwaka 1891, sahani ilianguka na kigae kikamchana shavu. Jeraha liliingia maambukizi, naye akafariki Oktoba 3, akiwa na umri wa miaka 49.

Njia yake iliboreshwa na Mmarekani Derrick Lehmer mwaka 1930. Namba tasa ya tarakimu 41,024,320 ilipotangazwa Oktoba 2024, kompyuta ziliithibitisha kwa njia hiyohiyo, iliyoanzia katika kalamu ya mwalimu.