Dred Scott, Mtumwa Aliyedai Uungwana Wake

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za vita vikuu vya Marekani vya mwaka wa 1861 hata 1865, watu wa kaskazini walipopigana na ndugu zao wa kusini. Lakini vita havianzi siku ile bunduki zinapolia. Leo twapenda kuwasimulia maisha ya mtu asiyejua kuandika hata jina lake, ambaye shauri lake liliitikisa nchi ile yote kabla ya vita.

Dred Scott alizaliwa utumwani huko Virginia, yapata mwaka wa 1800. Bwana wake aliitwa Peter Blow. Siku zile watu walikuwa wakihamia magharibi kwa wingi kutafuta mashamba mapya, na wenye watumwa walikwenda nao kama waendavyo na mifugo yao. Mwaka wa 1818 Blow akahamia Alabama, na mwaka wa 1830 akahama tena mpaka mji wa St. Louis katika Missouri, kando ya mto mkubwa wa Mississippi. Baadaye Dred akauzwa kwa John Emerson, daktari wa askari.

Hapa yatupasa kueleza jambo. Mwaka wa 1803 serikali ya Marekani ilinunua kwa Wafaransa nchi pana sana iliyo magharibi ya mto ule. Wenyeji waliokaa humo tangu zamani hawakuulizwa neno. Kila jimbo jipya lilipotaka kuingia katika umoja, swali likawa lile lile: je, litakuwa na watumwa ama sivyo? Mwaka wa 1820 wakubwa wakapatana. Missouri iwe na watumwa, Maine isiwe nao, na katika nchi iliyosalia ya manunuzi yale, kaskazini ya mpaka wa kusini wa Missouri, utumwa ukatazwe. Mapatano hayo yaliutuliza ugomvi, hayakuumaliza.

Basi jeshi likampeleka Emerson kwanza Illinois, jimbo lililokataza utumwa. Kisha mwaka wa 1836 mpaka boma la Fort Snelling, katika nchi ambayo leo ni Minnesota, ambako utumwa ulikatazwa kwa mapatano yale. Dred alikwenda naye. Huko akamwoa Harriet Robinson, kijakazi wa mtu wa serikali. Bwana wa Harriet alikuwa na mamlaka ya hakimu, naye mwenyewe ndiye aliyewafungisha ndoa. Jambo hili si dogo, maana katika majimbo ya watumwa sheria haikuitambua ndoa ya mtumwa. Wakapata binti wawili, Eliza na Lizzie. Eliza alizaliwa ndani ya meli ya moshi, mtoni, juu ya mpaka wa kaskazini wa Missouri.

Emerson alikufa mwaka wa 1843, nao walikuwa wamekwisha kurudishwa Missouri. Dred akamwendea mjane wake, akitaka kujikomboa kwa fedha pamoja na jamaa yake, akakataliwa. Tarehe 6 Aprili 1846 yeye na Harriet wakaenda barazani St. Louis kudai uungwana wao. Hawakudai jambo geni. Kwa miaka mingi mahakama za Missouri zilikuwa zimehukumu kwamba mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kukaa katika nchi isiyo na utumwa amekuwa huru, wala harudi utumwani. Wana wa Peter Blow, waliomjua Dred tangu utoto wao, wakamsaidia gharama.

Mwaka wa 1847 wakashindwa kwa sababu ushahidi haukutimia. Mwaka wa 1850 shauri likasikizwa tena, wakashinda. Lakini mwaka wa 1852 mahakama kuu ya Missouri ikaitupa desturi yake yenyewe, ikawarudisha utumwani. Kwa nini? Marekani ilikuwa imeipiga Mexico vitani na kutwaa nchi zake kubwa, na ugomvi juu ya watumwa katika nchi hizo mpya ukawa mkali. Mahakimu hawakutaka tena kuziheshimu sheria za majimbo ya kaskazini. Sheria haikubadilika; mioyo ndiyo iliyobadilika.

Dred hakukata tamaa, akaenda mpaka Mahakama Kuu ya nchi yote. Tarehe 6 Machi 1857 Hakimu Mkuu Roger Taney, mzee wa miaka 79, akatoa hukumu. Mahakimu 7 walimkatalia Dred. 2 tu, John McLean na Benjamin Curtis, wakapinga. Taney alihukumu kwamba mtu wa asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia, basi hana ruhusa ya kushtaki katika mahakama ile. Tena alihukumu kwamba Bunge halina uwezo wa kukataza utumwa katika nchi za magharibi, kwa kuwa mtumwa ni mali ya bwana wake. Curtis alionyesha kwamba katiba ilipowekwa, watu weusi walio huru walikuwa na haki ya kupiga kura katika majimbo matano, lakini hakusikilizwa.

Taney alidhani ameuzima moto, kumbe ameumwagia mafuta. Watu wa kaskazini waliingiwa na hofu kwamba utumwa utaenea kila mahali. Abraham Lincoln, wakili wa Illinois, aliipinga hukumu ile waziwazi. Mwaka wa 1860 akachaguliwa Rais, majimbo ya kusini yakaanza kujitenga, vita vikaja.

Na Dred je? Yule mjane alikuwa ameolewa tena na mjumbe wa Bunge aliyejulikana kuwa adui wa utumwa! Ilikuwa aibu kubwa. Wakampa Taylor Blow, mwana wa Peter Blow, ile jamaa, kwa kuwa sheria ilitaka mkaaji wa Missouri ndiye awaache huru. Tarehe 26 Mei 1857 akawaacha huru. Dred akafanya kazi ya uchukuzi hotelini St. Louis, na Harriet akifua nguo za watu. Tarehe 17 Septemba 1858 Dred akafa kwa kifua kikuu. Hakuuona mwaka wa 1865 utumwa ulipofutwa, wala mwaka wa 1868 katiba ilipothibitisha uraia wa watu weusi waliozaliwa Marekani. Harriet aliyaona, akafa mwaka wa 1876.

Sisi tulio wazee na walimu huletewa mashauri ya watu, nasi hupenda kupatanisha upesi ili kelele zikome. Tumkumbuke Dred Scott. Amani inayomwacha mdogo katika dhuluma yake haikai. Deni lile hukua, na watoto ndio walipao.