Hayati Mbaraka Mwinshehe na Kuzaliwa kwa Super Volcano

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Mwaka 1973 mwanamuziki mashuhuri kuliko wote mkoani Morogoro aliondoka katika bendi iliyompatia jina na kuanzisha ya kwake. Huyo ni hayati Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi, ambaye hatua yake hiyo ilikuwa ya kuthubutu kuliko inavyoonekana leo.

Hayati Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944, mwaka uleule ilipoundwa Morogoro Jazz, bendi aliyojiunga nayo akiwa kijana katikati ya miaka ya 1960. Neno jazz lisimpotoshe msomaji. Muziki wenyewe ulikuwa wa dansi, wa magitaa, wenye athari za Cuba na Kongo. Mji ulikuwa pia na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na ushindani wa bendi hizo mbili uliufanya mji huo mdogo chini ya milima ya Uluguru kuwa moja ya ngome kuu za dansi nchini.

Kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, gitaa la Mbaraka lilifika hata mahali ambapo bendi yenyewe haikuwahi kukanyaga. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa wasanii walioiwakilisha Tanzania katika maonesho ya kimataifa ya Expo 70 mjini Osaka, Japani, safari aliyoitungia wimbo.

Hapo ndipo uzito wa uamuzi wa 1973 unapoonekana. Baada ya Azimio la Arusha bendi nyingi zililelewa na taasisi: jeshi, polisi, umoja wa vijana, chama cha wafanyakazi, mashirika ya umma. Taasisi ilinunua vyombo na kulipa mishahara, na mwanamuziki aliyehama aliacha vyote nyuma. Bendi nyingine zilikuwa za klabu, zenye wanachama na viongozi wao. Kuanzisha bendi binafsi kulimaanisha kujitafutia magitaa, vipaza sauti, usafiri na posho za wenzako, huku tegemeo likiwa viingilio vya ukumbini na mauzo ya santuri. Mbaraka alikuwa na umri wa miaka 29. Bendi akaiita Super Volcano.

Nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo soko lake kubwa likawa Kenya. Wimbo wa Shida, unaozungumzia dhiki ya mtu wa kawaida, ulipendwa mno pande zote mbili za mpaka, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo kazi iliyothibitisha kwamba bendi isiyo na mfadhili inaweza kusimama. Hata mpaka ulipofungwa mwaka 1977, mashabiki wa Nairobi na Mombasa hawakumsahau.

Januari 1979, akiwa Kenya, hayati Mbaraka alipata ajali ya gari katika eneo la Mombasa na kufariki dunia akiwa na umri wa miaka 34. Super Volcano haikudumu bila yeye. Nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya nchini Kenya katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho.